Mzeituni wa Honorine

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Gaspard alimwagia mzeituni maji. Kopo moja, halafu lingine. Mti ulikuwa mfupi kama mkono wa mtu. Ulikaa ndani ya ndoo, nyuma ya nyumba aliyopanga katika mtaa wa Bigo, mjini Bunia. Bibi yake, Honorine, aliung'oa kilimani kwao, upande wa Irumu, walipokuwa wanakimbia vita. Walipofika Bunia, Honorine akaugua kifua. Hospitalini oksijeni ilikuwa imekwisha. Akafa.

"Wakubwa wako na magari ya vioo vyeusi," Gaspard alizoea kusema. "Oksijeni, hapana."

Sasa mti nao ulikuwa unakufa. Majani yaligeuka manjano, yakaanguka. Kadiri yalivyoanguka, ndivyo Gaspard alivyoongeza maji.

Kuupanda chini hakuweza. Mwenye nyumba alikataa kabisa. "Mupangaji akipanda muti, kesho atasema udongo ni yake," alisema. Hakuna aliyemshangaa. Kwa watu wa pale, mti ni kama alama ya mpaka.

Siku moja jirani yake Solange alikuja kuomba makaa ya moto. Solange alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Aliutazama mti, akasahau makaa.

"Papa Fifi, weye iko naua hii muti," alimwambia Gaspard, akimwita kwa jina la binti yake.

"Mimi? Wanaoua watu ni wakubwa. Uende uwaambie wao."

"Wakubwa hawakumwanga maji humu. Ndoo iko na matundu?"

"Matundu ya nini? Maji yote itatoroka!"

"Njo vile inapaswa. Itoroke."

Solange akainamisha ndoo. Maji meusi yakatoka, yananuka kama mtaro. Akatoa mkasi mfukoni. Gaspard akaikumbatia ndoo kama mtu anayenyang'anywa mtoto.

"Usikate. Picha za Honorine ziliungua na nyumba. Kaburi yake, walizika wengine juu. Niko na hii tu."

Solange akasema polepole, "Njo maana tunakata. Mizizi nyeusi imeshaoza. Tukiiacha, itaozesha na ile nyeupe. Mizizi nayo inapumua, Papa Fifi. Weye umeinyima pumzi."

Gaspard akaiachilia ndoo.

Wakatafuta besini ya zamani, isiyo na kina. Gaspard akaitoboa chini kwa msumari. Wakafunika matundu kwa kipande cha chandarua kilichochanika, udongo usitoke. Solange akachanganya mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, vipande vidogo vya tofali na mbolea kidogo iliyooza vizuri. Mizizi iliyooza akaikata yote. Ile mizima hakuigusa. Wakaupanda mti, wakaufunga kwa kamba usiyumbe, wakautia maji hadi yakatoka chini.

"Sasa uuweke kwenye kivuli mpaka uchipuke. Kisha uuzoeze jua kidogo kidogo, maana mzeituni unapenda jua. Na kabla ya maji, utie kidole kwenye udongo. Ukikauka juu, mwanga maji. Kama bado mubichi, acha."

"Hata nikisikia huruma?"

"Hasa ukisikia huruma."

Majuma yalipita. Majani mengine yalianguka. Binti yake Fifi alimkuta mara nyingi amechuchumaa mbele ya besini, kidole kwenye udongo, midomo imefungwa.

"Baba, unamupima joto?" alimtania. Gaspard hakucheka.

Halafu, kwenye tawi lililoonekana limekufa, yakatokea machipukizi mawili ya kijani. Gaspard alimwita Solange kwa sauti kubwa hata majirani wakafikiri kuna fujo.

Solange alitaka kuukunja mti ufanane na mti mzee, lakini si papo hapo. "Mugonjwa hafundishwi kucheza. Acha upate nguvu." Mti ulipojaa majani ndipo alipoleta waya laini wa shaba. Akauzungusha kwenye tawi bila kulibana, akalikunja taratibu kuelekea chini. Machipukizi marefu akayapunguza.

"Inaitwa bonsai," alisema. "Ni muti wa kweli, ila unalelewa mudogo ndani ya chombo. Ukilazimika kuhama, unauhamisha. Uangalie waya kila mara. Ukianza kuingia kwenye ganda, ukate waya, usiuvute."

Mwenye nyumba alipopita, aliinua besini, akachungulia chini yake, akairudisha. Mizizi haikugusa udongo wake; akaenda zake.

Msimu wa mvua ulipokwisha, Gaspard aliukata waya mwenyewe, kipande kwa kipande. Tawi halikuruka juu. Lilibaki pale lilipofundishwa.

"Mama Solange, huu muti utachukua miaka ngapi ufanane na muti muzee?"

"Kumi. Labda makumi mbili."

"Na kama hakuna mutu wa kuuangalia?"

"Utakauka."

Gaspard akaitazama barabara, ambako gari la vioo vyeusi lilipita na kutimua vumbi. Akatema mate.

"Basi," akasema, "itabidi niishi."