Kadi ya Kifuani kwa Azara

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Azara na wenzake walikusanyika uani kutengeneza mafuta ya mti wa shea. Walikaanga kokwa zake, wakazisaga, kisha wakakoroga rojo lake kwa mikono mpaka likawa jeupe. Hakuna aliyekoroga kama Bi Sanatu. Mafuta yake hayakunuka moshi hata kidogo.

Shida ilikuwa soko. Ndoo zilijaa, na wanawake walianza kuacha kazi mmoja mmoja.

Siku moja walisikia kuna kongamano la watu wa shea mjini Tamale. Wakachanga nauli, wakamtuma Azara. Bi Sanatu alimwazima kitenge chake kipya.

"Sitaki zawadi, mwanangu," alisema. "Niletee mnunuzi mmoja tu. Mikono hii imechoka."

Kongamanoni Azara alivishwa kadi yenye jina lake na kijiji chake. Akaona wanawake wa kijiji jirani, wale wale anaokutana nao kila siku ya soko. Akakaa nao nyuma, wakapiga soga.

Wakati wa chakula, mama mmoja alikuja kukaa karibu yake. Kadi yake ilisema: Serwaa, sabuni, Kumasi.

"Mafuta ninayoletewa yananuka moshi," Serwaa alimlalamikia mwenzake aliyekuja naye. "Sabuni zangu zinanuka jiko."

Azara aliacha kula, akatega sikio. Kopo la mafuta ya Bi Sanatu lilikuwa mkobani, chini ya meza. Lakini kwao mtu mkubwa haendewi hivi hivi. Hata kwa chifu huingii bila mzee wa kukutangulia na kukusemea. Akamtafuta kwa macho Lariba, jirani yake, ambaye ni bibi shamba, aje amtambulishe. Lariba alikuwa jukwaani. Azara akangoja. Serwaa akamaliza wali wake, akanawa mikono, akaenda zake.

Nyumbani wote walimzunguka.

"Umetuletea nani?" aliuliza Bi Sanatu.

Azara alifungua mkoba, akatoa fulana aliyopewa kule.

"Katuletea fulana ya kongamano," alisema mmoja wao. "Tutaipaka mwilini."

Wengine walicheka. Bi Sanatu hakucheka. Mvua zilipoanza alifunga mizigo yake, akahamia Yendi kwa mwanawe. Azara alilia kama mtoto, maana alijua kosa ni la nani.

Jioni moja alimweleza Lariba yote.

"Sasa kwa nini hukusema naye?" aliuliza Lariba.

"Nani angenipeleka kwake?"

"Dada yangu, ile kadi uliidhani mkufu? Ile ndiyo mzee wa kukutangulia. Kule kila aliyeivaa amekuja kutafuta watu, hata wakubwa."

"Ningesema nini, jamani?"

"Msalimie. Taja jina lako, unakotoka na kazi yako. Muulize kazi yake, umsikilize. Usimng'ang'anie anunue. Mpe mafuta kidogo yenye jina lako na namba ya simu. Ukirudi nyumbani, usingoje. Mpigie, umjulie hali. Na usikae na watu wa kwenu, hao unao kila siku."

Mwaka uliofuata Azara alirudi Tamale. Alipomwona Serwaa, hakumtafuta mtu wa kumtangulia. Akamwendea hivyo hivyo, akachuchumaa kidogo kumsalimia, akamfungulia kopo.

Serwaa alinusa, akanusa tena.

"Dada, ulikuwa wapi?" alisema. "Mwaka jana ningekuchukua palepale. Sasa nina watu wangu, siwezi kuwatupa."

Maneno hayo yalimchoma Azara. Hata hivyo hakuondoka. Alimuuliza habari za sabuni zake, wakaongea mpaka chai ikapoa. Mwishowe Serwaa alimshika mkono.

"Njoo," alisema. "Nina rafiki wa Akra anayetafuta mafuta kama haya."

Azara aliporudi kijijini aliwapigia wote wawili. Yule wa Akra alianza kwa ndoo chache, kisha akaongeza. Wanawake walioacha kazi wakarudi uani. Sasa kila kongamano wanakwenda wawili, na hawakai pamoja.

Sabuni za kwanza zilizotengenezwa Akra kwa mafuta yao zilipofika, Azara alichukua kipande kimoja akaenda Yendi. Bi Sanatu alikuwa amekaa mlangoni, vidole vimejikunja kwa baridi yabisi. Azara akamwekea sabuni kiganjani.

Bi Sanatu aliinusa kwa muda mrefu.

"Haina moshi," alisema.

"Tunakoroga ulivyotufundisha. Rudi, mama. Soko lipo."

Bi Sanatu alijaribu kuifumba mikono yake juu ya ile sabuni. Vidole vilikataa.

"Mwaka jana ningerudi," alisema. "Nenda, mwanangu. Wenzako wanakungoja."