Alama za Kitanda Namba Saba

Likizo ile kazi yangu ilikuwa moja tu, kukaa na bibi hospitalini. Mama alinifikisha saa moja asubuhi, akamuuliza mama yake amelalaje, kisha akaondoka haraka kuwahi kazini. Mimi nilibaki mpaka jioni. Nilimnawisha bibi uso kwa maji ya vuguvugu, nikamfunga kilemba chake, nikanyoosha shuka, halafu nikavuta kiti cha plastiki mpaka karibu na mto wake. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na rohoni nilijiona muuguzi kamili.

"Mke mwenzangu," bibi aliniita, "umekunywa chai, au umekuja kunila mimi?"

Aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo. Alisema mimi na yeye tumeolewa na babu mmoja, ingawa babu mwenyewe alifariki kabla sijazaliwa.

"Nimekunywa, bibi."

"Basi kaa. Leo unalipa zamu yako. Mimi nimemtunza mume wetu miaka thelathini peke yangu."

Bibi alikuwa fundi cherehani. Alivunjika nyonga chumbani kwake mwenyewe, alipopanda juu ya stuli kuteremsha bunda la vitambaa juu ya kabati. Jumatatu alipasuliwa akawekewa chuma, na Jumatano madaktari wakasema ni wakati wa kuanza kutembea.

Hospitali ile ilikuwa ya binafsi, ndogo, yenye sakafu inayong'aa na harufu ya sabuni. Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na viwili tu. Pembeni mwa mlango palikuwa na ubao wenye misumari kumi na miwili, na kwenye kila msumari kilining'inia kibao chenye namba. Kikionyesha upande mwekundu, kitanda kina mtu. Kikigeuzwa upande wa kijani, mgonjwa anatoka kesho na kitanda kimeshaahidiwa mtu mwingine. Kila siku saa nane mchana, sista mkuu alipita akisoma karatasi zilizofungwa miguuni mwa vitanda, kisha akageuza vibao. Kitanda cha ziada hakikuwepo. Kibao kimoja kikigeuka, kuna mtu mahali fulani alipigiwa simu aje na mkoba wake.

Karatasi hizo ziliitwa karatasi za mwendo. Kila siku ilikuwa na visanduku vitatu vya kutia alama, asubuhi, mchana na jioni. Mgonjwa alipaswa kutembea kutoka kitandani mpaka kwenye benchi lililo chini ya dirisha, mwisho wa korido, akae kidogo, arudi. Akirudi, aliyeongozana naye anatia alama ya vema.

"Sisi tuko wawili kwa wagonjwa kumi na wawili," sista mkuu aliniambia Jumatano ile, akinipa kalamu. "Kwa hiyo kalamu hii ni yako. Wewe ndiye macho yangu."

Aliyewafundisha wagonjwa kutembea alikuwa kijana mrefu waliyempa jina la Bwana Simama, kwa sababu hilo ndilo neno lake la kwanza kila alipoingia. Alimletea bibi fremu ya chuma ya kushikilia, akamfundisha kutanguliza fremu, kisha mguu mbovu, kisha mguu mzima. Bibi alifika mlangoni, akarudi. Jasho lilikuwa limemlowesha kilemba. Bwana Simama alisema ni mwanzo mzuri, kesho mimi na bibi tufike kwenye benchi, yeye angerudi Jumamosi. Alipoondoka, bibi alinishika mkono na hakuuachia kwa muda mrefu.

Alhamisi asubuhi nilileta fremu. Bibi aliitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyemtaka.

"Leo usiku sikulala vizuri," alisema. "Nipumzike kidogo. Wewe weka hiyo alama. Mchana nitakwenda mara mbili kwa mpigo."

"Lakini bibi, hujatembea."

"Nani kasema sitatembea? Nimesema mchana. Au humwamini mke mwenzako?"

Nikaweka alama. Mchana ulipofika, alisema mguu unawaka moto. Nikaona machozi yakimlengalenga, nami nikaweka alama ya pili kabla hajaniomba. Nilifikiri nimemwonea huruma. Jioni ikawa vivyo hivyo.

Kitanda namba tatu kililaliwa na mwanamke mnene, muuza vyombo sokoni, aliyepasuliwa tumbo wiki hiyohiyo. Sisi tulimwita Mama Vyombo. Yeye hakutulia. Alikwenda kwenye benchi na kurudi hata mara tano, kiganja tumboni, akisalimia kila kitanda kama anayezungukia wateja. Hakuwa na mtu wa kukaa naye, na karatasi yake ya mwendo alikuwa ameifungua kitandani akaikunja kuwa kipepeo cha kujipepea.

"Wewe mama wa saba," alimwambia bibi Ijumaa asubuhi, akijipepea, "hicho kitanda umeolewa nacho? Mbona hamuachani?"

"Wivu wako," bibi alijibu. "Chako kimekukataa, ndiyo maana unatangatanga."

Wodi nzima ilicheka. Bibi naye alicheka, lakini alipogeuka kunitazama, uso wake ulikuwa umechoka.

"Weka," alisema kwa sauti ya chini.

Nikaweka alama ya nne. Mchana nikaweka ya tano.

Saa nane sista mkuu alipita. Alisoma karatasi ya bibi, akaitikia kwa kichwa. "Mara tano benchini na kurudi. Hongera, mama. Tutakuombea ruhusa kesho." Kwenye kitanda namba tatu alitafuta karatasi, akakuta kamba tupu, na Mama Vyombo alikuwa chooni. "Huyu hajaanza mazoezi," alijisemea, akaandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akaenda kwenye ubao. Namba saba ikageuka kijani. Namba tatu ikabaki nyekundu.

Mpaka saa ile niliziona alama zangu kama wino tu kwenye karatasi. Nilichukua chupa ya maji nikatoka, nijifanye nakwenda kuijaza.

Kwenye benchi la mwisho wa korido alikuwa amekaa dada mmoja mwembamba, mkoba mkubwa miguuni. Shingoni alikuwa na uvimbe uliomfanya aegemeze kichwa upande mmoja. Nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye mjukuu wa namba saba?" aliuliza. "Sista ametoka kuniambia sasa hivi. Kesho narithi kitanda cha bibi yako. Keshokutwa wananitoa huu mzigo. Wiki ya tatu hii nasubiri nafasi."

"Ndiyo, dada."

"Mwambie ahsante. Wanasema anatembea vizuri sana, anafika mpaka hapa." Alitabasamu. "Mimi niko kwenye benchi hili tangu asubuhi, nilikuwa napimwa damu. Sijabahatika kumwona akipita."

Hakusema kwa ubaya. Hakujua alichokuwa akisema. Lakini nilijisikia kama nimevuliwa nguo mbele ya watu. Nilirudi wodini bila kujaza chupa.

Bibi alikuwa amefunua miguu yake na anaitazama. Aliponiona akavuta shuka haraka.

"Bibi, nionyeshe."

"Hakuna kitu."

Nilifunua mwenyewe. Mguu uliopasuliwa ulikuwa umevimba kuanzia kifundo mpaka karibu na goti, ngozi imevutika na inang'aa. Niliugusa. Ulikuwa wa moto.

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Funika, mwanangu. Wakiona watanilazimisha kusimama." Ndipo aliposema kile alichokuwa amekificha siku zote mbili. "Siogopi maumivu. Naogopa kuanguka. Pale chini ya kabati nililala kwa muda wa saa nne nikiita, na hakuna aliyesikia. Kila nikishika ile fremu naiona sakafu inanifuata."

Nilitaka kulia pamoja naye. Nilitaka pia kufunika mguu ule kama alivyoniomba, maana nilijua nikifungua mdomo, bibi ataaibika mbele ya wodi nzima, nami nitanyang'anywa kalamu. Lakini kesho saa nne asubuhi angekuwa nyumbani na mguu ule, tena chumba kilekile.

"Bibi, nakwenda kumwita sista."

"Mke mwenzangu."

"Nakwenda, bibi. Utanikasirikia baadaye."

Nilimkuta sista mkuu mezani kwake. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilianzia mwisho. "Mguu wa bibi umevimba na ni wa moto. Na zile alama ni za uongo. Zote tano. Hakutembea hata mara moja. Niliziweka mimi."

Hakunifokea. Alisimama, akapita kando yangu kwa hatua ndefu, akafunua shuka, akabonyeza mguu kwa kidole kimoja. "Mama, usinyanyuke kwanza," alimwambia bibi. Akampigia daktari simu. Katika saa moja bibi alikuwa ameshapelekwa kwenye chumba cha kipimo cha picha na kurudishwa. Mama aliitwa kutoka kazini, akaja na mavazi ya kiwandani.

Daktari alituambia damu imeanza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Mgonjwa aliyepasuliwa nyonga akilala tu bila kujongea, hatari hiyo huongezeka. Angeondoka hivyo kesho yake, damu ile iliyoganda ingeweza kusafiri mpaka kwenye mapafu. "Imeonekana mapema," alisema. "Ataanza sindano leo, na nikiridhika atatembea."

Mama alinitazama. Nilijua kuna maneno yanayonisubiri nyumbani, na kweli yalikuwepo, lakini pale aliniwekea mkono begani tu.

Nilimfikiria dada wa kwenye benchi. Namba saba ilikuwa imegeuzwa tena kuwa nyekundu, na mkoba wake ulikuwa bado miguuni pake.

"Sista," niliuliza, "yule dada atarudi nyumbani kwa sababu yangu?"

Sista mkuu aliutazama ubao. Kisha akachukua daftari lake akasimama katikati ya wodi. "Leo sisomi karatasi tena," alisema. "Kila anayeweza, asimame atembee nimwone kwa macho."

Wagonjwa walisimama mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya namba tatu, Mama Vyombo alishuka kitandani bila kushika kitu, akaenda mpaka kwenye benchi na kurudi, akasimama mbele ya sista akijipepea.

"Hii unayojipepea ni nini?" sista aliuliza.

"Nilikuta imening'inizwa. Nikadhani ni yenu."

Sista aliichukua, akaikunjua. Haikuwa na alama hata moja. "Umetembea mara ngapi tangu Jumatano?"

"Mimi nitajuaje? Muulize yule mwenye ndoa na kitanda. Kila nikipita ananitukana."

"Mara nyingi," bibi alisema kutoka kwenye mto wake. "Amenichosha macho."

Daktari alimpima Mama Vyombo kidonda na tumbo, akasema huyu alistahili kwenda nyumbani tangu asubuhi. Sista aligeuza kibao namba tatu kikawa kijani. Nilikimbia mpaka mwisho wa korido kumwambia dada yule, ingawa kukimbia pale kulikatazwa.

Jioni, kabla sijaondoka, sista mkuu aliniita mezani. Karatasi ya bibi ilikuwa mbele yake. Alama zangu tano alizikata kwa wino mwekundu.

"Ulimhurumia bibi yako," alisema. "Huruma siyo kosa. Lakini uliifanya karatasi iseme yuko salama, na sisi sote tukaacha kumtazama. Mtu akidanganya juu ya mgonjwa, hata kwa mapenzi, anamwacha mgonjwa peke yake. Siku nyingine ukimwona anaogopa, njoo useme anaogopa. Hilo nalo lina dawa. Na mimi nilisoma wino badala ya kuangalia miguu. Kwa hiyo tumekosea wawili."

Akanirudishia kalamu.

Bwana Simama alipoelezwa, alibadilisha mwendo. Daktari alipotoa ruhusa, alimfunga bibi mkanda kiunoni, akaushika kwa nyuma, nami nikatembea mbele nikirudi kinyumenyume, ili bibi anitazame mimi asiitazame sakafu. Siku ya kwanza tulifika mlangoni. Ya tatu tulifika kwenye benchi. Nilitoa kalamu.

"Usiweke," bibi alisema, akihema. "Ngoja kwanza nikae. Halafu ngoja nirudi. Tusije tukapelekwa tena kwa sista."

Alikaa. Kutoka pale dirishani tulitazama watu wakipita barabarani. Kwenye kitanda namba tatu yule dada alikuwa amelala na bandeji shingoni, na tulipopita kurudi alimpungia bibi mkono.

Bibi aliishi miaka mitano baada ya hapo, na miaka yote mitano alitembea. Alikuja shuleni kwetu kwa miguu yake siku niliyomaliza darasa la mwisho, akiwa na fimbo, na gauni nililovaa alilishona yeye. Mwaka huu hayupo. Tulipopanga vitu vyake niliikuta karatasi ile ndani ya droo ya cherehani, chini ya vifungo. Alama tano zimekatwa kwa wekundu. Zilizofuata, kumi na nne, hazikukatwa. Nimezihesabu zote, na kila moja naikumbuka alivyoitembea.