Mkanda Chini ya Blauzi

Cherehani yangu iko karibu na dirisha, kwenye chumba cha mbele. Ndicho chumba chetu cha wageni pia. Mteja akija hukaa kwenye kiti cha mbao alichokitengeneza mume wangu, ambaye ni seremala. Mama mkwe hukaa kwenye mkeka na mtoto mapajani.

Mtoto wetu ni wa kiume. Wakati huo alikuwa na miezi mitatu. Bibi yake humwita "mume wangu" kwa utani, nami huniita "mke mwenza".

"Mke mwenza," husema, "mume wetu kaamka. Ana njaa."

"Namalizia pindo hili tu, Mama."

"Pindo hilo lina mwisho kweli?"

Tulikuwa tunacheka. Lakini pindo lilikuwa refu kweli siku nyingine, na mtoto alilala tena bila kunyonya.

Siku moja mteja alileta kitambaa cheupe cha gauni la harusi. Alikaa kwenye kile kiti akinitazama ninavyokata shingo ya gauni. Mtoto akalia chumba cha pili. Mama yeyote anajua: mtoto akilia, maziwa hayangoji ruhusa. Tone moja likapita kwenye blauzi, likaangukia kitambaa.

Mteja hakugomba. Alitazama kitambaa, akatazama kifua changu, akasema polepole, "Fundi, hicho ni cheupe."

Basi. Lakini mimi ni mtu wa aibu tangu utotoni. Maneno yale yalikaa nami mpaka asubuhi.

Kesho yake nikajishonea mkanda wa kifua. Nilitumia marekani nzito, kile kitambaa kigumu cha pamba, nikaikunja mara mbili. Nikatia lastiki juu na chini, na kulabu tatu ubavuni. Nilipoufunga, kifua kikawa bapa kama cha mvulana. Nikavaa blauzi juu yake. Hakuna aliyejua. Nikafurahi, tena nikajisifu kimoyomoyo kwamba mshono umenyooka.

Kufungua kulabu na kuzifunga tena kulinichosha. Kwa hiyo nikawa namnyonyesha mtoto asubuhi kabla ya kazi, mchana mara moja, na jioni baada ya kazi. Katikati bibi yake alimbembeleza.

Siku ya nne titi la kushoto likaanza kuuma. Siku ya tano likawa na uvimbe mgumu upande wa kwapa, na ngozi ikawa nyekundu na ya moto. Jioni nilitetemeka kwa baridi, na jua lilikuwa bado halijazama. Nikalala nimejifunika blanketi.

Mama mkwe alinigusa paji la uso. Hakutania siku hiyo.

"Una homa," alisema. "Usimnyonyeshe. Hayo sasa ni maziwa ya homa. Utampa mtoto ugonjwa."

"Atakula nini, Mama?"

"Tutampikia uji mwepesi. Mpaka upone."

"Na maziwa yakikauka?"

Alimchukua mtoto, akatoka naye nje.

Mume wangu aliporudi alinikuta hivyo. Alifungua kabati, akatoa vidonge vinne kwenye karatasi.

"Hivi vilibaki nilipong'olewa jino," alisema. "Vina nguvu sana. Meza viwili."

Nilivishika mkononi muda mrefu. Nikaviweka chini ya mto. Usiku kucha mtoto alilia, na kila alipolia titi liliwaka moto zaidi. Alipewa uji kwa kijiko. Akautema.

Asubuhi niliamka kwa sababu ya sare. Nilikuwa na sare mbili nyeupe za muuguzi wa kliniki, na alikuwa aje kuzijaribu siku hiyo. Nilifunga mkanda wangu, nikavaa blauzi, nikakaa kwenye cherehani kama mtu mzima wa afya.

Muuguzi huyo sote mtaani tunamwita Sista. Ni mwanamke mnene, mcheshi, asiyependa kukaa.

"Fundi, safari hii niachie nafasi kiunoni," alisema. "Mimi sipungui. Nimeshajikubali."

Nilicheka kidogo. Nikachukua futi yangu ya kupimia, nikainua mkono wa kushoto nimpime bega. Mkono ukakataa. Futi ikaanguka.

Sista aliiokota. Hakunirudishia.

"Inua tena," alisema.

"Nimelalia vibaya tu, Sista."

"Umenipima mara ngapi wewe? Leo nami nikupime." Alinishika mkono kwa upole. "Uko moto. Unaumwa wapi?"

Mama mkwe akajibu badala yangu kutoka kwenye mkeka. "Titi, Sista. Tumemwachisha kunyonyesha tangu jana."

Sista alisukuma mlango ukafungwa. Akateremsha pazia la dirisha. "Nione."

Niligeuka nyuma. Nilitaka nifungue kulabu haraka, nifiche mkanda chini ya vipande vya vitambaa. Nikafanya hivyo. Lakini nilipogeuka, Sista hakuangalia uvimbe kwanza. Alipitisha kidole hewani, karibu na ngozi yangu. Alama ya lastiki ilikuwa imechora mstari mwekundu juu na chini, na vishimo vya kulabu ubavuni.

"Huu mshono ni wa nani?" aliuliza.

Machozi yakanitoka. Nikauvuta mkanda kutoka kwenye vitambaa, nikampa.

Aliugeuza, akavuta lastiki yake. "Umeshonwa vizuri sana," alisema. "Ndiyo maana umekuumiza."

Nikamweleza yote: tone, kitambaa cheupe, maneno ya mteja. Nilieleza nikitazama sakafu.

"Fundi, wahenga walisema mficha uchi hazai," Sista alisema. "Na wewe umeshazaa. Sasa unamficha nani?"

Mama mkwe alicheka kabla yangu.

Sista akavuta kiti cha mbao, akakaa. Hapo nikajua jambo ni kubwa.

"Sikiliza. Titi linatengeneza maziwa kila saa. Mtoto asiponyonya, maziwa yanakaa. Ukilibana, yanakosa njia. Titi linavimba, linapata moto, na homa inakupanda. Haya yameanza na mkanda na kuchelewa kunyonyesha. Maziwa yako hayana kosa."

"Lakini ni ya homa," mama mkwe alisema. "Hayatamdhuru?"

"Hapana, Mama. Homa ya titi haimwendei mtoto kwa njia ya maziwa. Tena mama akiwa na mafua au homa ya kawaida, mwili wake unatengeneza kinga, na kinga ile inapita kwenye maziwa. Ukimnyima mtoto, umemnyima dawa. Mama mwenye mafua aoshe mikono kwa sabuni, afunike mdomo anapokohoa, aendelee kunyonyesha."

"Kwa ugonjwa wowote?"

"Yako magonjwa machache na dawa chache zinazohitaji ushauri wa pekee. Ndiyo maana tunasema njoo uulize, usiamue nyumbani. Na titi hili lisipotolewa maziwa, hali itakuwa mbaya zaidi. Linaweza kutunga usaha."

Mama mkwe alikuwa akimtazama mtoto.

"Mimi niliumwa hivi hivi," alisema mwisho. "Baba yake huyu alikuwa na miezi minne. Wakaniambia niache. Nikaacha wiki mbili. Nilipopona, maziwa hayakurudi. Akakua kwa uji, kila mwezi anaharisha. Nilidhani ndivyo ilivyotakiwa."

"Uliambiwa, Mama, nawe ukatii," Sista alisema. "Huna kosa. Lete mtoto."

Nilinawa mikono. Sista alinionyesha jinsi ya kumweka mtoto, kidevu chake kikielekea kwenye uvimbe, mdomo wazi kabisa, ashike sehemu nyeusi na si chuchu peke yake. Alipovuta mara ya kwanza niliuma meno. Mara ya pili pia. Kisha nikasikia maziwa yanashuka, na sauti ya mtoto akimeza. Mikono yake iliyokunjwa ngumi ikafunguka kidole kimoja kimoja.

Titi la pili nalo likaanza kudondosha. Tone likarukia ukosi wa sare nyeupe iliyokuwa mezani. Nikashtuka.

Sista aliisogeza sare pembeni bila hata kuitazama. "Maji na sabuni vipo," alisema.

Kisha akanipa maagizo, na mama mkwe akayarudia kama mtoto wa shule ili asisahau. Ninyonyeshe kila mtoto anapotaka, mchana na usiku, pande zote mbili. Nisikandekande titi kwa nguvu. Baada ya kunyonyesha niweke kitambaa cha maji baridi kupunguza uvimbe. Mtoto akishindwa kunyonya, nikamue kwa mkono kiasi cha kupata nafuu. Nile, ninywe maji, na kulala si uvivu.

"Na vidonge hivi?" nilitoa vile vya chini ya mto.

"Vya nani?"

"Vya jino la baba mtoto."

"Jino la baba mtoto halimnyonyeshi mtu," alisema, akavitia mfukoni. "Homa hii imelala na wewe usiku mzima. Twende kliniki leo, usingoje kesho. Na neno lako la kwanza kwa daktari liwe moja tu: ninanyonyesha. Kila unapoomba dawa, popote, ugonjwa wowote. Utaweza?"

Nikasema nitaweza.

Kliniki kulikuwa na watu wengi kwenye benchi, na mlango wa daktari ulikuwa wazi. Sista alikwenda kwenye kazi yake. Daktari alisikiliza, akaniangalia, akaanza kuandika, kichwa chini.

"Ninanyonyesha," nilisema.

Aliendelea kuandika. Sauti yangu ilikuwa imebaki mdomoni. Karatasi ikajaa mistari miwili. Akanyoosha mkono anipe.

Nilimfikiria mama mkwe akisubiri maziwa yarudi, wiki baada ya wiki.

"Daktari, ninanyonyesha. Mtoto ana miezi mitatu."

Watu wa kwenye benchi wote walisikia. Mzee mmoja akageuka. Sikufa.

Daktari alirudisha karatasi mezani. "Vizuri umesema. Ilinipasa nikuulize." Akafuta mstari wa pili, akaandika dawa nyingine. "Hii haina shida kwa mtoto. Meza siku zote nilizoandika, hata ukipata nafuu mapema. Baada ya siku mbili usipopata nafuu, rudi."

Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya nne uvimbe ulilainika. Mume wangu alichukua ndoo za maji mikononi mwangu bila kuambiwa, na mama mkwe akawa ananiletea mtoto kwenye cherehani, sindano ikiwa imechomwa katikati ya mshono. "Pindo halilii," husema. "Huyu analia."

Nilipopata nguvu nilichukua wembe, nikaufumua ule mkanda, mshono mmoja baada ya mwingine. Marekani ile nikaikata miduara minane, nikaikunjia pamba laini ndani. Sasa navaa miwili kifuani, bila kubana, inafyonza maziwa. Ikilowa naibadilisha, naifua, naianika juani. Blauzi zangu nazishona pana, zenye vifungo mbele. Sista aliponiona akaagiza miduara thelathini kwa ajili ya akina mama wa kliniki. Ukosi wa sare yake ulitakata kwa kufuliwa mara moja.

Yule mteja wa gauni la harusi alirudi kulichukua. Lilibaki pindo la chini tu. Akakaa kwenye kile kiti, saa mkononi.

Mtoto akalia.

Nikachoma sindano kwenye kitambaa. Nikalifunika gauni kwa shuka safi.

"Ngoja kidogo, dada," nilisema. "Nanyonyesha kwanza."

Alinitazama. Nami nikamtazama. Kisha akautua mkoba kutoka begani, akaegemea kiti.

"Nyonyesha tu, fundi," alisema. "Harusi ni Jumamosi."

Kutoka kwenye mkeka mama mkwe alimnong'oneza mtoto, lakini kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Umemsikia mke mwenza, mume wangu? Siku hizi ana sauti."