Aliyekaa Kwenye Kiti cha Shangazi

Bonge ndiye aliyegundua kwamba kiti kina joto. Onyesho lilikuwa limekwisha, watazamaji wachache waliokuja walikuwa wameshatafuta mlango, naye akaenda kukibeba kiti cha mama wa mchezoni akirudishe nyuma ya pazia, maana siku hizi mwigizaji ndiye mpagazi, ndiye fundi wa taa, na asipoangalia atapewa na ufagio. Akakiinua, akakiweka chini tena. Akaweka kiganja pale pa kukalia.

"Chiriku," akaita kwa sauti ya chini. "Nani amekaa hapa?"

"Akae nani? Si unajua hapakai mtu."

"Hebu shika."

Chiriku akashika. Kilikuwa na joto la kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Wakatazamana, kisha Chiriku akacheka, kwa sababu jina hilo la utani hakulipata bure. Alikuwa mtu wa kucheka na kusema mpaka na mwiko jikoni. "Ni taa," akasema. Taa ya upande ule ilikuwa imeungua tangu mwaka uliopita, na wote wawili walijua.

Zamani ukumbi huo ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Kisha kila mtu akapata vichekesho vyake mfukoni, ndani ya simu, na kwenda kuangalia mchezo wa jukwaani ikawa safari ya wazee na ya wapenzi wanaotafuta giza. Meneja akaanza kuukodisha ukumbi kwa arusi na semina. Waigizaji wakakimbilia matangazo ya sabuni na michezo ya kuwafundisha watu kunawa mikono. Wakabaki Chiriku, Bonge na Meneja mwenyewe, ambaye alikuwa ameuza gari lake ili milango isifungwe, kwa hiyo tusimtukane mapema.

Wa mwisho kuondolewa alikuwa Shangazi. Ndivyo wote walivyomwita yule mwigizaji mkongwe aliyecheza mama tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Meneja alimwachisha kazi kwa ujumbe wa simu, kisha akayafuta maneno yake katika mchezo. "Mama awe haonekani," alisema. "Watazamaji watamwona kwa akili zao." Jukwaani kikabaki kiti.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa binti aliyetoroka nyumbani, akarudi na mume na mtoto mchanga kumwomba mama yake radhi. Chiriku alikuwa binti, Bonge alikuwa mume. Walikuwa wameucheza na Shangazi miaka mingi, na hapo ndipo walipokosea kosa ambalo asiye mwigizaji asingeweza kulikosea. Maneno ya Shangazi yalifutwa, lakini nafasi zake hazikufutika. Chiriku aliuliza, "Mama, umenisamehe?" akanyamaza kadiri ile ile ambayo Shangazi angejibu, macho yake kwenye kiti. Bonge akaitikia kwa kichwa pale pale alipozoea kuitikia. Mwili uliozoea hausikii amri ya meneja. Kila onyesho watu wawili wazima walikitazama kiti kitupu, wakakiuliza, wakakisubiri kijibu. Mwaliko mzuri kuliko huo utaupata wapi?

Baada ya joto ikaja harufu, ya nguo iliyokaa sandukuni na maziwa yaliyochacha. Haikuenea ukumbini; ilikuwa pale kwenye kiti tu, na ukipiga hatua umeiacha. Halafu mbao za kiti zikaanza kulia, kama zinavyolia mtu akijiweka vizuri apate kusikiliza.

Na watu wakaanza kurudi. Waliambiana kwenye simu zao kwamba kuna mchezo wa kiti kinachosisimua mwili, wakaja na marafiki, wakatoka kimya wakijifuta jasho la baridi, kesho yake wakaja na wengine. Chiriku hakuufurahia wingi huo. Alimfuata Meneja ofisini, akafunga mlango nyuma yake.

"Kuna kitu pale kwenye kiti," akasema.

"Najua," Meneja akanong'ona. "Nimemsikia akipumua."

"Unajua, na umekaa?"

"Watu wamerudi, Chiriku. Wewe mwenyewe umewaona. Huyo hali, hachelewi mazoezi, hagombei chumba cha kuvalia. Jumamosi wanakuja wale wakubwa wanaoweza kuuokoa ukumbi huu. Nivumilie mpaka Jumamosi."

Chiriku alikuwa na binti mdogo aliyeitwa Kadogo, ambaye alikuwa hajafika umri wa shule. Hakuwa na wa kumwachia, kwa hiyo mtoto alilala katika chumba cha kuvalia, juu ya rundo la mavazi ya zamani, mama yake akiwa jukwaani. Na mwisho wa mchezo, binti humwekea mama yake mtoto mapajani. Mtoto huyo alikuwa mwanasesere wa kitambaa aliyefungwa shuka, naye Chiriku humlaza juu ya kiti akisema, "Mama, nimekuletea mtoto. Mchukue, ni wako." Alikuwa ameyasema maneno hayo mara zisizohesabika. Yalimtoka kama mtu anavyosema karibu.

Alasiri moja, na ndani ya ukumbi ule usio na madirisha alasiri na usiku wa manane ni mamoja, alimlaza mwanasesere kitini, akatoa mikono, na mwanasesere hakufika chini. Alibaki juu kidogo, kwa kimo cha mapaja ya mtu. Watazamaji walivuta pumzi wote kwa pamoja. Chiriku alimaliza maneno yake kwa mazoea tu, akainamisha kichwa kupokea makofi, akageuka, akaanza kutembea, kisha akakimbia, akaipita kamba ya pazia na makopo ya rangi na ngazi iliyovunjika, huku ile harufu ya maziwa, ambayo haikuwahi kukiacha kiti, sasa ikimtangulia ushorobani, ikizidi kila hatua, hata alipousukuma mlango wa chumba cha kuvalia ilikuwa nzito kooni, na mbele yake Kadogo amelala usingizi akiwa ameketi, mwili umeegemea upande, shavu limelala juu ya hewa tupu, akibembea taratibu, mbele na nyuma, kama mtoto anayepakatwa.

"Kadogo!"

Mtoto akafumbua macho. Akamtazama kama anavyotazamwa mtu wa nyumbani asiye na umuhimu.

"Usipige kelele, Dada," akanong'ona. "Utamwamsha mama."

Tangu siku hiyo Kadogo hakumwita tena mama. Ilikuwa Dada nipe maji, Dada nitoe viatu, tena kwa adabu, na jioni aligoma kula mpaka mama aje. Ukitukanwa na adui utarudisha tusi. Ukiitwa dada na mtoto uliyemzaa kwa uchungu wako, utarudisha nini? Chiriku alilia akiwa ameuma kanga ili mtoto asisikie.

Bonge akampeleka kwa mganga, mwanamke mwenye miwani aliyepanga chumba nyuma ya duka la kutengeneza simu. Mganga hakupandisha mashetani wala hakupiga ngoma. Alisikiliza habari ya kiti na ya mtoto, kisha akauliza.

"Mnamwambia nini?"

Chiriku akaanza, "Mama, nimekuletea mtoto—"

Mganga akamziba mdomo kwa kiganja. "Usiyarudie hapa! Umemwambia achukue, amechukua. Unashangaa nini?"

"Lakini tulikuwa tunaigiza tu, mama."

"Nyinyi ndio mlikuwa mnaigiza. Jini hajui maigizo. Ukisema ni wako, ni wake." Akavua miwani, akaifuta. "Kile kiti kina mwenyewe?"

"Kinaye. Walimwachisha kazi."

"Mkamlete akikalie. Kisha wewe uyafute maneno yako pale pale ulipoyasema, mbele ya watu, kama walivyoyasikia. Na huyo jini akiuliza neno lolote, asiwepo wa kumjibu. Mnasikia? Aliyeitikiwa amekaribishwa."

Shangazi walimkuta sebuleni kwa mwanawe, kwenye kona ya kochi, wajukuu wakitazama televisheni na mkamwana akitazama simu. Alipowaona alijinyoosha mgongo kama aliyeitwa jukwaani. Alisikiliza yote bila kukatiza.

"Kwa hiyo nafasi yangu amepewa jini," akasema. "Afadhali. Nilidhani wamempa yule msichana wa tangazo la dawa ya meno."

Bonge akacheka. Chiriku hakuweza.

"Shangazi, mwanangu ananiita dada."

Uso wa mzee ukabadilika. Akaishika mikono ya Chiriku yote miwili. "Nitakuja, mwanangu. Humu ndani nina muda. Siku inaanza mpaka inakwisha hakuna anayeniuliza hata kama nimeamka."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wale wakubwa walikaa mstari wa mbele na suti zao, na mganga alisimama nyuma kabisa karibu na mlango. Meneja hakuambiwa kitu. Ilipofika sehemu ya mwisho, Shangazi akatokea upande wa kushoto wa jukwaa, polepole, amevaa gauni lake lile lile, akasimama mbele ya kiti.

"Sogea," akasema.

Mbao zikalia. Mtu wa mstari wa mbele alishika mkono wa jirani yake. Shangazi akageuka, akaketi, akaweka mikono juu ya mapaja yake. Chiriku akaja mbele, mikono mitupu. Mwanasesere alibaki nyuma ya pazia. Sauti yake, ile sauti iliyowahi kuujaza ukumbi mzima bila kipaza sauti, ilitoka safi.

"Mama, nimekuja na mtoto, lakini simtoi. Ni wangu. Nimemzaa mimi, nitamlea mimi. Yote niliyoyasema mahali hapa nimeyafuta."

Taa zikafifia zenyewe. Harufu ya maziwa ikapanda kutoka chini ya kiti, ikashuka jukwaani, ikapita katikati ya viti vya watu, mstari kwa mstari, nao wakaziba pua bila kujua wanaziba nini, na katika kimya kile kilichokuwa kirefu kuliko kimya chochote ambacho Shangazi aliwahi kukiachia jukwaani, ikasikika sauti, si ya mwanamke wala ya mwanamume, ya mtu aliyenyamaza muda mrefu hadi koo likashika kutu, ikitokea pale alipokaa Shangazi ilhali midomo ya Shangazi imefungwa, na haikuwa na hasira hata kidogo.

"Basi mimi nitabaki na nani?"

Chiriku akauma ulimi. Bonge akatazama chini. Kutoka chumba cha kuvalia Kadogo akalia kwa nguvu, "Mama! Mama!" na Chiriku akajua anayeitwa ni yeye. Yalikuwa yamekwisha. Ilibaki kunyamaza tu.

Shangazi akaupapasa mkono wa kiti, kama unavyompapasa mgonjwa.

"Nipo mimi," akasema.

Watu wakasimama wote wakapiga makofi. Kule mlangoni mganga alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Kadogo akarudi kuwa mtoto wa mama yake, mlafi na msumbufu, na Chiriku akamshukuru Mungu kwa kila tusi la kitoto alilotukanwa. Wale wakubwa walisifu sana mchezo, wakasema wataandika hundi ya kuuokoa ukumbi, hawakuandika. Ukumbi ukafungwa. Meneja akauza viti vya watazamaji, akakiacha kile cha jukwaani tu, maana Shangazi alikuwa na ufunguo wa ukumbi na hakutaka kuurudisha. Nyumbani kwake waliamini anakwenda kufagia. Walifurahi kwamba amepata la kufanya.

Chiriku alipata kazi ya kuingiza sauti katika tamthilia za nje, lakini mambo hayakwenda vizuri. Sauti ilianza kumkauka. Daktari alimwangalia kooni, hakuona kitu, akamwambia apumzike. Kila wiki sauti ilizidi kuwa nyembamba. Siku moja alikutana na Shangazi sokoni, amenenepa, amepaka wanja, anang'aa.

"Tunafanya mazoezi kila siku," Shangazi akamwambia akimkaribia sikioni. "Ni mwepesi wa kushika, huyo! Mwanzo alikuwa hajui kuigiza hata kidogo."

"Anajifunza nini, Shangazi?"

"Nafasi yako, mwanangu. Mimi nitacheza mama na nani?"

Chiriku hakulala vizuri usiku huo. Asubuhi alimshika Kadogo mkono, akaenda ukumbini kumwomba Shangazi auache ufunguo ule, amwambie huyo aliyemkaribisha aende zake. Barabara ilikuwa na watu, jua limewaka, muuza magazeti ameegemea ukuta. Mlango mkubwa ulikuwa wazi kiasi cha kupita mtoto. Ndani, Shangazi aliuliza jambo, akanyamaza, akajibiwa. Chiriku akasimama kama aliyepigwa. Aliyejibu alikuwa na sauti yake yeye, ile ya zamani, safi, yenye kucheka ndani yake, ya siku zile alipokuwa akiujaza ukumbi. Kisha sauti hiyo ikaacha mchezo. Ikaita taratibu, kwa namna ambayo yeye tu humwita mwanawe akiwa amemfunika shuka.

"Kadogo, mwanangu. Njoo kwa mama."

Mtoto akamwangalia Chiriku, akauangalia mlango, akauchomoa mkono wake. Chiriku akafungua mdomo kwa nguvu zake zote amwite arudi. Jina la mtoto likasikika mpaka barabarani, hata muuza magazeti aligeuka. Lakini lilitokea ndani, na Kadogo akalifuata.