Skii za Mama Kwenye Ndege ya Bei Nafuu

Kila Ijumaa asubuhi, binti yangu Hana akishafua sare yake ya shule na kuianika dirishani, huzitoa skii za marehemu mama yake nyuma ya kabati. Huzipangusa vumbi, akazisimamisha ukutani, kisha akasimama ubavuni mwake kujipima. Skii ni mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopinda ncha. Mtu huvaa viatu vigumu, akavifunga juu ya mbao hizo na kuteleza juu ya theluji. Hapa Sharafiya, Jeddah, ambapo maji ya bomba hutoka ya moto hata kama hujayachemsha, majirani hudhani ni vipande vya kitanda kilichovunjika.

"Baba, njoo uone," aliniita Ijumaa moja. "Mama alisema zikinifika puani, zitakuwa zangu. Leo zimenifika."

Nilitazama. Kweli zilimfika puani.

"Na viatu je?"

"Vinanitosha sawasawa. Lakini miguu yangu inakua, Baba. Mwaka ujao havitaniingia tena."

Hana ana miaka kumi na miwili. Mama yake, Samia, alikuwa akilea watoto wa familia moja tajiri. Kila wakati wa baridi matajiri wale walimchukua kwenda nao kwenye milima ya Ulaya, na ili aweze kuwafuata watoto, wakamfundisha kuteleza. Misimu minne walimchukua, nami nikabaki na Hana, nikiendesha lori la maji. Samia akirudi alituhadithia habari za theluji mpaka chai ikapoa. Watoto wale walipokuwa wakubwa, madam akampa skii zile.

Miaka miwili iliyopita, akiwa bado anafanya kazi nyumbani kwao, Samia alianza kuumwa. Aliomba ruhusa aende hospitali, akaambiwa angoje mpaka wageni waondoke. Wageni walikaa wiki tatu. Wenye amri hawana haraka na maumivu ya mtu mwingine. Alipofika kwa daktari, ugonjwa ulikuwa umeshakwenda mbali.

Tangu hapo Hana hakuwahi kuniomba viatu vipya wala simu. Alitaka kitu kimoja tu: kusimama juu ya theluji kwa skii za mama yake.

Riyadh kuna ukumbi wa theluji inayotengenezwa kwa mashine. Emmah, Mkenya aliyewahi kufanya kazi nyumba moja na Samia, sasa ameajiriwa humo kuwavalisha wateja. Wiki ile alinipigia simu.

"Baba Hana, Ijumaa ijayo kuna somo la wasichana saa nne asubuhi. Nimemwandikisha mtoto, na fundi wetu atazikagua skii zake. Usikose, maanake baada ya hapo tunafunga miezi sita, ukumbi unarekebishwa."

Bosi wangu alinipa siku mbili tu, kwa hiyo safari ya basi haikuwezekana. Tulikata tiketi za ndege ya bei nafuu. Mimi shule niliiacha mapema, nikamwachia Hana asome masharti kwenye simu.

"Skii zinahesabiwa kama mzigo wa michezo," alisema. "Lazima tuziandikishe sasa, si kule kaunta. Na ndani ya mfuko ziwe skii, viatu vyake na zile fimbo mbili za kujisukumia tu. Nguo haziruhusiwi."

"Hawa wakubwa wa ndege, siku moja watapima hata pumzi zetu," nilinung'unika.

Hana alikubali masharti, akaandika jina lake.

Habari ya safari yetu ikaenea jengo zima. Sisi tunaoishi ugenini tuna desturi: anayesafiri hubeba amana za majirani, na kukataa ni aibu. Bi Zuwena wa ghorofa ya pili alileta doti mbili za khanga na kashata, apelekewe binti yake anayekaa Batha, huko huko Riyadh. Duncan, mlinzi wetu, alileta pakiti tatu za unga wa ugali kwa ajili ya ndugu yake Jeremiah, anayefanya kazi kwenye maghala ya Al-Sulay.

"Mzee Haidar, nisaidie tu," alisema. "Jeremiah amekonda, kila siku ni wali, wali. Na huo mfuko wako ni mrefu, hata mimi naingia."

Nikaanza kuzipanga amana kati ya skii.

"Baba, hizo haziruhusiwi humo," Hana alisema kwa sauti ndogo.

"Nani atafungua? Wakikuuliza, sema ni skii tu. Wao wanatunyonya kila siku, sisi tukiwaficha pakiti tatu za unga kuna ubaya gani?"

Hana alizikunja khanga vizuri, akazilaza juu ya skii polepole kama anayemfunika mgonjwa.

Alhamisi asubuhi tulifika uwanja wa ndege. Kijana wa kaunta alikuwa na kibao kifuani kilichoandikwa Salem. Aliutazama mfuko wetu mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Ammi, huu ni wa nani?"

"Wa binti yangu."

Akamgeukia Hana. "Umebeba nini humu?"

Nilimkanyaga mguu kidogo. Hana aliutazama mguu wangu, kisha akamtazama Salem.

"Skii za mama yangu, viatu na fimbo," alisema. "Na pia mna unga, khanga na kashata. Hivyo si vyetu, ni amana za watu."

Salem aliacha kuandika. "Basi hivi haupandi. Vitoeni hivyo vingine. Kaunta inafungwa baada ya dakika ishirini na tano."

Hasira ilinipanda. "Nyinyi mnajua kuchukua tu! Waliotunga masharti haya wanakaa ofisini kwenye baridi, hawajui mtoto huyu ameingoja safari hii miaka mingapi!"

"Ammi, mimi sikuyatunga," Salem alijibu kwa upole. "Dakika ishirini na tano."

Mikoba yetu ya mkononi ilikuwa imejaa, na kila mmoja haukutakiwa kuzidi kilo saba. Hana alipiga magoti sakafuni, akafungua zipu na kutoa pakiti za unga moja moja. Machozi yalimlengalenga, lakini sauti yake ilikuwa imetulia.

"Amana za watu hatuwezi kuzitupa, Baba. Basi tuache skii. Mpigie Duncan azifuate."

Alisema hivyo huku mkono wake mmoja umeng'ang'ania mkanda wa mfuko.

Niliona haya. Mtoto alikuwa ameona ukweli na amana ni vizito kuliko hamu yake, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikipiga kelele. Nilimgeukia Salem.

"Mwanangu, nguo aliyoivaa mtu nayo inapimwa?"

"La. Iliyo mwilini haipimwi."

Nikafungua mkoba wangu. Nilivaa kanzu ya pili juu ya ya kwanza, fulana ya sufi juu yake, na juu ya yote koti zito nililoazima kwa ajili ya baridi ya ukumbini. Hana akavaa koti lake na suruali mbili. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye kope. Dereva mmoja Mkenya aliyekuwa nyuma yetu akasema, "Mzee, leo umevaa kabati lote." Foleni nzima ikacheka, hata Hana.

Unga uliingia kwenye mkoba wangu, khanga na kashata kwenye wa Hana. Salem akaipima. Wangu ulikuwa kilo sita na nusu.

"Halas, mmepita," alisema. Kisha akamwambia Hana, "Umefanya vizuri kusema. Mizigo mirefu hupitishwa kwenye mashine yake peke yake. Wangeona pakiti za unga katikati ya vyuma, mfuko wangeuweka kando wauchunguze. Wiki iliyopita mfuko wa mtu ulibaki hapa siku tatu."

Nilimkabidhi mfuko wa skii kwa mikono miwili.

Jioni ile ile, binti wa Bi Zuwena alipokea khanga zake Batha. Jeremiah alikuja mwenyewe kuuchukua unga, akainusa pakiti moja kwa muda mrefu huku amefumba macho.

Ijumaa saa nne tulikuwa ukumbini. Fundi alizikaza skii zikashika viatu barabara, na Emmah akamfungia Hana kofia ngumu. Hana aliteleza hatua kumi, akaanguka. Akainuka, akaanguka tena. Alirudi kwetu uso wake wote umejaa theluji.

"Baba, Mama naye alikuwa akianguka?"

"Sijui, mwanangu. Sikupata kumwona."

Misimu minne, na sikumwona hata mara moja.

"Alianguka sana," Emmah alisema. "Alinionyesha magoti yake yamechubuka yote. Na bado kesho yake alikuwa wa kwanza kuvaa viatu."

Hana alitabasamu. Nilimfuta theluji usoni kwa mkono wa koti.

"Sikiliza, Hana," nilisema. "Wakubwa wa ndege nina ugomvi nao bado, na waliomnyima mama yako ruhusa sijawasamehe. Lakini uongo niliokufundisha kule nyumbani haukutoka kwao. Ulikuwa wangu. Ungenisikiliza, skii zingebaki Jeddah, na leo ungesimama hapa na miguu mitupu. Dhuluma ya wakubwa isikufanye ukaacha kusema kweli. Ukiulizwa umebeba nini, taja kilichomo, hata kama baba yako amekukanyaga mguu."

"Nimekusikia, Baba. Sasa nisukume kidogo, zamu yangu imefika."

Niliweka viganja vyangu mgongoni mwake, nikamsukuma. Safari hii hakuanguka. Alishuka taratibu, magoti ameyakunja, akizidi kuwa mdogo machoni mwangu, nami nikabaki juu na mikono yangu imenyooka mbele, nikitamani Samia angekuwa kule chini ampokee.