Shika Gurudumu Langu

Bomba la makaburi ya Saint-Aubrun lilikuwa wazi walipofika, likimwaga maji kwenye changarawe nyeupe, na hapakuwa na mtu.

"Nani huyo kaacha maji hivi, kiangazi chote hiki?" Ghislain alinung'unika, mguu mmoja chini, mwingine bado kwenye pedali.

"Mtu wa baiskeli kama sisi, Baba," alisema Solenne.

Hakuna jibu jepesi kuliko hilo katika nchi ile. Kijiji kinaweza kukosa duka, kikakosa mkahawa, kikakosa hata padri, lakini makaburi hakikosi, na makaburi hayakosi bomba. Wajane huchota maji ya maua. Waendesha baiskeli huchota ya kunywa. Hakuna anayeona ajabu.

Ila pale palipolowa palikuwa na alama ya tairi jembamba, moja tu, na haikutoka barabarani. Ilitoka ndani, katikati ya makaburi, ikapita langoni na kukomea bombani.

"Jaza, mwanangu. Mimi natangulia polepole, nikisimama miguu inaganda."

"Polepole kweli, Baba. Usipambane na upepo."

"Sawa, daktari." Alimkonyeza, akaondoka huku akipiga mluzi.

Majira ya baridi yaliyopita Ghislain alipasuliwa kifua, moyo wake ukashonwa. Leo alikuwa anarudi kwa mara ya kwanza kwenye mzunguko wa ngome, ile safari aliyoifanya kila kiangazi na wenzake mpaka wenzake wakaisha, huyu kwa magoti, yule kwa kifo. Daktari aliruhusu kwa sharti moja: akae nyuma ya gurudumu la binti yake mwanzo hadi mwisho, upepo umpige binti, yeye apite katika kivuli chake. Na asubuhi, mama yake Solenne, Hortense, alishika usukani wa bintiye langoni, akasema kwa sauti ndogo, "Mrudishe. Sitaki kitu kingine."

Solenne alijaza chupa mbili, akafunga bomba kwa nguvu, akapanda baiskeli. Hakwenda mbali kabla ya kusikia nyuma yake ule mlio unaojulikana na kila mpanda baiskeli, tik-tik-tik-tik, mlio wa gurudumu la nyuma linapozunguka lenyewe, miguu ya mwenyewe imetulia. Bila shaka ni yule aliyeacha bomba wazi. Hakugeuka. Mtu wa mbele hageuki. Akigeuka baiskeli inayumba na wa nyuma wanaanguka. Akasema tu, kama alivyofundishwa na baba yake tangu utotoni kumwambia yeyote aliye peke yake barabarani, "Shika gurudumu langu, twende."

Tik-tik-tik, karibu zaidi. Kisha kimya.

Alipomfikia baba yake aligeuza kichwa kumtambulisha mgeni. Barabara ilikuwa tupu. Mashamba ya jozi kushoto, nyumba ya mawe ya njiwa kulia, na joto likicheza juu ya lami.

"Unamtafuta nani?"

"Hakuna. Kaa nyuma yangu."

Walipita ghala la kale la wapiganaji wa Vita vya Msalaba, ambalo sasa linatunza matrekta. Walipita kanisa lenye mashetani ya mawe chini ya paa, midomo wazi. Kengele ya adhuhuri iligonga, na kijiji baada ya kijiji madirisha yalifungwa, watu wakaingia kula, nchi ikabaki na nzi na mawe. Barabara ilianza kupanda. Solenne alikuwa anapiga pedali. Alimsikia baba yake anapiga pedali, mnyororo wake ukikwaruza kama siku zote. Na nyuma yao, taratibu, bila kuchoka, tik-tik-tik-tik.

Mlima haupandwi kwa gurudumu linaloteleza bure.

"Baba, unapiga pedali?"

"Swali gani hilo? Nasukumwa na malaika?" Alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati, akakohoa. "Umepaka nini leo? Unanuka kama wazee wetu wa zamani. Walikuwa wanajipaka miguuni kabla ya mbio."

Hakuwa amepaka kitu. Naye aliisikia harufu: karafuu maiti, kali, baridi, na chini yake udongo uliolowa.

Akanyoosha mkono kuchukua chupa. Hakuwa ameigusa tangu makaburini, na ilikuwa tupu. Ya pili pia.

"Baba?"

Sauti yake ilitoka mbali. "Nenda tu. Nipo. Leo baiskeli nzito kidogo, basi. Kama nimebeba mtu."

Solenne alimtazama chini ya kwapa lake, na alichokiona kilimfanya asahau jua: midomo ya baba yake ilikuwa ya rangi ya buluu.

Mkahawa wa Mama Philiberte uko chini ya ngome ya Rocastel, mahali mlima mkubwa unapoanza. Mama Philiberte ni mjane mwenye mikono mipana. Anauza kahawa na keki ya jozi, na anatoa moto kwenye majeraha. Mwokaji akiungua hufika kwake kabla ya hospitali. Yeye hunong'ona, hupuliza, na maumivu huondoka. Kulipa hakuruhusiwi.

Alikuwa anapanga viti walipoingia uani. Akasimama na kiti mkononi, pua juu.

"Ghislain, mzee mzima bado unavaa nguo za kubana?"

"Ili uone ulichokikosa, Philiberte."

"Nimeona. Nashukuru nilikikosa. Nenda kisimani ulowanishe kichwa, unatisha." Alisubiri mpaka mzee alipofika upande wa pili wa uwanja, kisha akamshika Solenne kiwiko na sauti ikashuka. "Maji mmechota wapi?"

"Saint-Aubrun."

"Makaburini?"

"Kila mtu huchota pale."

"Kuchota si kosa. Ulisema nini?"

"Nilimwambia... nilidhani ni mtu. Nilimwambia ashike gurudumu langu."

Mama Philiberte aliweka kiti chini polepole, kana kwamba kuna mtu amelala. Watu wa mbali wangesema jini, wengine mzimu. Yeye alimwita "yule wa nyuma". Zamani, alisema, wakati waendesha baiskeli wakibeba matairi ya akiba mabegani, kijana mmoja alipasukiwa na tairi karibu na Saint-Aubrun, kwenye ukame uliokausha visima. Aliwapigia wenzake kelele. Walisikia. Wakaendelea. Alikutwa kwenye lango la makaburi, ulimi umekauka mdomoni.

"Si mbaya," alinong'ona. "Hataki kuachwa, basi. Lakini hana pumzi yake mwenyewe, anakula ya yule aliye mbele yake. Na baba yako ana ya kugawa?"

Solenne alitikisa kichwa. Machozi yalimjaa.

"Usilie, sikiliza. Wewe ulimwalika, wewe utamtoa. Kaa wa mwisho, akae nyuma yako. Kisha mpe zamu ya kuongoza, kama mnavyopeana nyinyi. Akipita mbele, weka mguu chini. Usimfuate hata hatua. Asiyefuatwa huendelea na njia yake." Alimkazia macho. "Ila akishapita usimwite tena, kwa neno lolote. Akiitwa mara ya pili mimi sina dawa, na hakuna mwenye nayo."

Walianza kupanda kuelekea Rocastel, na safari hii Solenne alimtanguliza baba yake.

"Leo unanipeleka mbele kama mbuzi wa sokoni?"

"Nataka kuona unavyopanda, Baba."

"Utaona vumbi."

Mlio ulihama. Ulipita pembeni ya sikio lake, ukarudi nyuma, ukatulia mgongoni pake, na papo hapo miguu yake ikawa ya mtu mwingine, mizito, ya udongo, na harufu ya karafuu maiti ikamwingia puani hadi kooni, na pumzi aliyoivuta ikaishia njiani kabla ya kufika kifuani, kana kwamba kuna mdomo ulioitangulia, na shingoni, pale jasho lilipokuwa linatiririka, akahisi ubaridi mwembamba ukivutwa ndani, ukivutwa ndani, bila kutolewa nje. Juu yao ngome ilikaa kwenye mwamba na madirisha yake matupu. Solenne alihesabu pumzi zake mpaka akashindwa. Kisha akafanya ile ishara ndogo, kiwiko kikipepea upande, ishara ya kumwambia mwenzako sasa ni wewe.

"Pita," alinong'ona. "Zamu yako."

Tik-tik ikakoma. Mnyororo ukalia, wa chuma cha zamani, mkavu. Nyasi za ukingoni zililala upande mmoja bila upepo, na kitu kikapita kushoto kwake, na upepo wa mlimani ukafa usoni pake. Ilikuwa raha. Hakuna aliyemwonya kwamba ingekuwa raha namna ile, kuwa nyuma ya gurudumu lile, mlima umelainika, miguu inaimba, unataka tu kufuata. Alibana breki kwa mikono miwili. Akaweka mguu chini.

Alikuwa amemsahau baba yake.

Nyasi ziliendelea kulala, mpaka kile kitu kikampita mzee. Na Ghislain, ambaye tangu ujana wake hakuwahi kuacha gurudumu zuri limpite, hakufikiri. Miguu ilifikiri kwa niaba yake. Alisimama kwenye pedali, akaruka nyuma ya kisichoonekana, akapanda mlima wa Rocastel kama kijana wa miaka ishirini, mgongo umelala, shati likipepea, na kicheko chake kikashuka bondeni na kugonga kuta za ngome na kurudi.

"Baba! Acha! Baba, muache!"

Hakusikia. Alikuwa anakwenda kasi mno kwa moyo ulioshonwa, kila kona ikimpeleka juu zaidi, na Solenne alimfuata huku akilia na akajua hamfikii, hata leo, hata kesho, hamfikii, na akaona mkono wa baba yake ukiacha usukani na kushika kifua, na bado miguu haikupungua, na akajua pia kwamba katika lugha yote ya dunia limebaki neno moja ambalo mzee yule hawezi kulipita, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba ukilisikia husimama, uwe wa kwanza au wa mwisho, uwe unashinda au unakufa.

"Pancha!" Solenne alipiga kelele. "Nimepata pancha!"

Ghislain alibana breki. Alisimama, akainama juu ya usukani, akabaki anahema. Kisha akageuza baiskeli.

"Wapi? La mbele au la nyuma?" aliuliza alipomfikia, jasho likidondoka, midomo bado ya buluu lakini hai. Solenne aliangusha baiskeli akamkumbatia.

"Hakuna pancha, Baba."

"Umenidanganya? Kwenye jambo kama hilo?" Alikasirika kweli. Kisha akampapasa kichwa. "Ulimwona yule bwana? Matairi yamepishana mabegani, kama picha ya babu. Anavuta huyo! Mtu muungwana pia. Tazama, naye amesimama."

Juu, kwenye kona ya mwisho, vumbi dogo lilikuwa linatua.

"Amekusikia," alisema Ghislain kwa furaha. "Anarudi kukusubiri."

Na kutoka juu ya mlima, kwenye ule utulivu wa saa ya chakula, uliteremka mlio, taratibu, bila haraka, kama wa mtu anayejua anahitajika: tik-tik-tik-tik.

Solenne aliokota baiskeli yake. Njia ya kurudi ilifuata mto, na upepo wa mchana ulikuwa umegeuka, sasa ungewasukuma mgongoni hadi nyumbani. Baba yake hakuhitaji tena kivuli chake.

"Tangulia, Baba."

"Na wewe?"

"Mimi nitakaa wa mwisho."

Hortense alikuwa langoni. Alimkumbatia mumewe kwa muda mrefu, akamgusa midomo, akamkaripia, akacheka. Kisha akamfikia binti yake kumbusu, akasita.

"Umepaka nini, Solenne?"

Ghislain bado yupo. Kila kiangazi huzunguka ngome zake. Chama cha baiskeli cha kijiji kinamtania bintiye: "Solenne, utaogopa upepo mpaka lini? Njoo mbele, zamu yako!" Yeye hucheka nao, amekonda, uso mweupe, na hubaki pale pale. Hubeba chupa mbili. Moja hunywa. Nyingine haigusi, na hufika nayo nyumbani tupu.

Na mlima unapokuwa mkali, wote wakipiga pedali bila kusema, yeye huusikia mgongoni pake ule mlio, karibu, mpole, kama wa mtu ambaye hatimaye amesubiriwa.