Sanda ya Mzee Kafeero

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Nakimera, wakili wa Masaka, na tangu siku hiyo hamfuati mteja nyumbani kwake kuandika wosia.

Alasiri hiyo mvua ilitia sebule giza. Mzee Kafeero alikuwa akibadilisha wosia wake kwa mara ya nne, na Nakimera alikuwa hoi. Akapiga magoti, akasalimia, wakaitikiana "mmm" kama ilivyo ada ya Waganda. Kisha akaanza kumsomea.

"Nyumba yangu namwachia mke wangu."

"Mmm," ikaitika sauti nzito chumbani, nyuma ya pazia. Nakimera akadhani ni mke wa mzee.

"Migomba nawaachia binti zangu."

"Mmm."

"Mrithi wa kukaa mahali pangu ni Lubwama, mwanangu wa kwanza."

Kimya. Mvua tu juu ya mabati. Akarudia kusoma. Kimya.

Mzee akashusha pumzi. "Mfute. Tujaribu mdogo wake."

"Mzee wangu, utanizeesha! Mwite mama aje tuketi naye, tumalize."

"Mama yuko msibani tangu jana. Humo hamna mtu, mwanangu. Nimeweka sanda yangu tu, ile nguo ya gome la mti tunayozikiwa."

Nakimera akacheka kwa uchovu, akainuka, akafunua pazia. Hapakuwa na mtu. Sanda ilikuwa kitandani, imekunjwa vizuri. Akaigusa.

Ilikuwa na joto, kama shuka la mtu aliyeamka sasa hivi.